Kiduha hakitumiwi ndege

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Asubuhi tuliposhuka shambani tope lilikuwa linanata miguuni, na bado mahindi ya shangazi yalikuwa yamesinyaa, majani yamejikunja kama yaliyokaa wiki mbili bila tone. Ilikuwa mwezi wa tatu, upande wa Kwimba, wakati ambao mahindi yanapaswa kumpita mtu kichwa. Haya yalinifika kiunoni. Shangazi hakusema neno. Aliinama, akapenyeza vidole kando ya shina moja, akaling'oa taratibu pamoja na bonge lake la udongo, akaenda kulisuuza kwenye dimbwi. Mizizi ilipotakata nikaona vijiti vyeupe, vinene kidogo kuliko uzi wa kushonea, vimejipachika kwenye mizizi ya hindi kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Juu ya ardhi, mahali tulipoling'oa, hapakuwa na gugu hata moja.

"Hiki bado hakijatoka," akaniambia. "Wiki ijayo utakiona na maua yake yatafuata. Lakini mahindi ndiyo hayo, mwanangu. Kimeshakula."

Kimeshakula. Miaka yote niliyosikia wataalamu wakihutubia wakulima juu ya kiduha, sijasikia aliyeeleza vizuri kuliko hivyo. Gugu la kawaida, kama ndago, hugombea na mahindi mwanga na maji, na jembe likipita mapema ugomvi umekwisha. Kiduha hukaa chini ya ardhi wiki nne, tano, hata saba, kikinyonya maji, madini na sukari ya mwenyeji wake, ndipo kinapochungulia. Siku unayokiona ndiyo siku ambayo sehemu kubwa ya hasara imeshatokea. Na sisi, hadi leo, silaha tunayompa mkulima dhidi ya mwizi huyu ni palizi.

Kiduha ndilo jina letu Tanzania. Ng'ambo ya Ziwa Victoria, Wajaluo hukiita kayongo. Wanasayansi hukiita Striga, neno la Kilatini lenye maana ya mchawi, na kuna wanaotaka tulitafsiri hilo na kusema gugu la kichawi. Mimi nalikataa. Usukumani neno mchawi limeua watu. Vikongwe ambao macho yao yaliiva kwa moshi wa kuni wamekatwa mapanga kwa sababu ya neno hilo. Shamba likidumaa na la jirani likastawi, binadamu hutafuta mkono wa mtu. Hapa hakuna mkono wa mtu. Kuna mmea wenye njia zake, na njia hizo zinajulikana.

Kinachotawala kuzunguka Ziwa Victoria ni kirefu, chenye maua ya waridi yanayoelekea zambarau, kizuri kwelikweli; ningekuwa sikijui ningekipanda mbele ya nyumba. Kile kinachosumbua Dodoma, Morogoro na kushuka pwani ni kifupi na maua yake mara nyingi ni mekundu. Vyote viwili hula jamii ya nyasi: mahindi, mtama, uwele, ulezi, mpunga wa nchi kavu, hata miwa. Watu wa pwani wana wanyonyaji wao wanaowajua, kirukia anayekaa juu ya mwembe na mlangamia anayetambaa juu ya vichaka kama tambi zilizomwagika, na hao angalau wanaiba mchana, machoni pa watu. Wakulima wa mpunga wa Kyela wana mbosyo, anayependa mabonde yenye maji. Kunde nayo ina wake. Lakini hakuna kati yao aliyefukarisha kaya nyingi kama kiduha.

Chukua mbegu yake. Haifiki theluthi moja ya milimita. Ukizimwaga kiganjani utadhani ni ugoro, na ukipiga chafya zimekwenda. Mche mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu, na mbegu hizo huweza kukaa udongoni zaidi ya miaka kumi zikiwa hai, zimetulia. Hazioti ovyo, kwa kuwa chakula kilichomo ndani yake ni kidogo mno. Ikiota mbali na mzizi, inakufa ndani ya siku chache. Kwa hiyo inangoja kuitwa.

Anayeiita ni mahindi yenyewe. Hapa ndipo pananisisimua, na wasomaji watanisamehe nikikaa kidogo.

Mwaka 1956 kiduha kiligunduliwa kwenye mashamba ya mahindi ya North Carolina na South Carolina, Marekani. Hakuna aliyejua kwa hakika kilifikaje. Wamarekani walishtuka, kwa maana mahindi kwao ni uti wa mgongo, wakaweka watafiti kazini. Miaka 10 baadaye, mwaka 1966, watafiti hao walifanikiwa kutenga kemikali inayoamsha mbegu za kiduha, wakaiita strigoli. Waliipata wapi? Kwenye mizizi ya pamba. Ajabu ni kwamba kiduha hakiwezi kuila pamba. Sasa kwa nini mmea umwage udongoni kitu kinachoamsha adui? Swali hilo lilikaa karibu miaka 40. Mwaka 2005 kundi la Wajapani likiongozwa na Kohki Akiyama lilionyesha kwamba kemikali za jamii hiyo ni mwito kwa kuvu wema wa udongoni, wale wanaoishi kwenye mizizi na kuuletea mmea fosforasi, nao wakalipwa sukari. Mmea wenye njaa ya fosforasi huita kwa sauti kubwa. Kiduha kimejifunza kudukiza mwito huo. Mahindi yanaita wasaidizi, mwizi naye anasikia na kujua kwamba mlango upo hapo na mwenye nyumba ana njaa.

Maana yake kwa mkulima ni nzito. Udongo uliochoka unaita kiduha zaidi ya udongo ulioshiba. Shamba la shangazi limelimwa mahindi juu ya mahindi tangu nikiwa darasa la nne, mabua huliwa na ng'ombe, kinachobaki huchomwa, na samadi hairudi. Katika shamba la namna hiyo kila mche unapiga kelele. Anayeingia na jembe kukata kiduha kilichochomoza anafanya kazi halali, lakini anaziba mdomo wa mtungi huku maji yanatokea kwenye ufa wa chini.

Sitaki nieleweke vibaya kuhusu kung'oa. Lazima king'olewe, kabla hakijachanua na kukausha mbegu, na kilichoanza kuchanua kichomwe, kisitupwe mpakani. Ila tuambiane ukweli kuhusu hesabu yake. Anayekiinamia leo kwenye jua hapati debe hata moja la ziada msimu huu. Anapunguza deni la udongo la miaka mitano, minane ijayo. Mwenye shamba lake la urithi huenda akakubali. Je, mtu aliyekodi ekari mbili kwa msimu mmoja, ambaye mwakani hajui atalima wapi, aing'olee ardhi ya mwenzake? Na mama mwenye watoto watano, ambaye wiki hiyohiyo anapaswa kupalilia karanga, kuteka maji na kwenda kibarua ili apate unga wa jioni? Kila nikisikia kiongozi kwenye mkutano wa hadhara akisema wakulima wa ukanda wetu ni wavivu ndiyo maana kiduha kimewashinda, natamani akabidhiwe nusu ekari na siku moja tu, kuanzia saa moja asubuhi.

Wazee walikuwa na njia, bila maabara. Walipokezanisha mtama na pamba. Kwa tunayoyajua leo, pamba ilikuwa inaziita mbegu za kiduha, zinaamka, zinatafuta mzizi wa kuunyonya, zinakuta hauingiliki, zinakufa. Alizeti, soya na karanga nazo hufanya kazi ya namna hiyo kwa viwango tofauti. Lakini bei ya pamba ilipoyumba mwaka hata mwaka, watu waliiacha, na mashamba yalipogawanywa kwa wana na wajukuu hakuna aliyebaki na nafasi ya kupumzisha kipande. Juu ya hayo tuliuacha mtama. Mtama ndio nafaka iliyokulia Afrika pamoja na kiduha, ukajifunza kukivumilia angalau kidogo. Mahindi ni mgeni kutoka Amerika, hayana kinga ya maana. Nayapenda mimi, ugali wake ni mweupe na laini, na sitamdanganya msomaji kwamba nikifika nyumbani naomba wa mtama. Basi tujue tunachokilipia.

Habari njema ni kwamba kuna watu waliofanya kazi. Gebisa Ejeta, aliyezaliwa Ethiopia na kufundisha Chuo Kikuu cha Purdue, alitafuta mtama ambao mwito wake mbegu za kiduha haziusikii vizuri, na kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2009. Mbegu mbili zilizotokana na kazi yake zilithibitishwa Tanzania mwaka 2002, zikapewa majina ya Kiswahili yanayopendeza, Hakika na Wahi. Mwaka jana niliulizia mbegu hizo kwenye maduka matatu ya pembejeo katika mji mmoja wa kanda yetu. Muuzaji wa kwanza alidhani namtania. Wa pili alinionyesha mahindi. Wa tatu, kijana mwungwana, alisema akipata wateja 20 ataagiza. Zaidi ya miaka 20 tangu mbegu ithibitishwe, muuzaji bado anangoja wateja na wateja hawajui kuna mbegu.

Kenya wamejaribu mengi zaidi yetu, pengine kwa sababu kayongo kimewabana Siaya, Busia na Homa Bay kwenye vipande vidogo vya ardhi. Walitoa mahindi yaitwayo Ua Kayongo, ambayo mbegu yake hupakwa dawa ya magugu aina ya imazapiri. Mahindi hayo yamezalishwa kuihimili. Kiduha kinachogusa mzizi hufa. Ni ujanja mzuri, wenye sharti lake: ukitoka kushika mbegu hizo ukashika maharage bila kunawa, maharage hayataota. Kwa mkulima anayechanganya mahindi na maharage shimo moja, na wengi wetu ndivyo tunavyofanya, hilo si jambo dogo. Kuna pia kuvu anayekishambulia kiduha pekee, ambaye wanakijiji hufundishwa kumkuza kwenye wali kutoka kwenye kijiti cha kuchokonolea meno, kisha humweka shimoni pamoja na mbegu. Wazo hilo nalipenda kwa kuwa kiwanda chake ni sufuria.

Lakini iliyonivuta zaidi ni sukuma-vuta. Watafiti wa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE pale Mbita, ukingoni mwa ziwa, wakiongozwa na Zeyaur Khan na wakishirikiana na John Pickett wa kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza, walikuwa wanamtafutia dawa bungua, yule funza anayetoboa mabua. Walipanda desmodiamu, mkunde unaotambaa, katikati ya mistari ya mahindi ili harufu yake imfukuze nondo wa bungua, na wakazungusha majani ya tembo pembeni ili yamvute huko. Bungua alipungua kama walivyotarajia. Wasichokitarajia ni kwamba kwenye mistari yenye desmodiamu kiduha nacho kilikuwa kinatoweka. Baadaye walibaini kwamba mizizi ya desmodiamu humwaga kemikali za aina mbili: baadhi huamsha mbegu za kiduha, nyingine huzizuia zisijipachike. Zinaamka na kufa njaa, msimu baada ya msimu, na ghala la mbegu linapungua. Juu yake desmodiamu inarutubisha udongo na kulisha ng'ombe wa maziwa.

Utasema basi, tatizo limekwisha, Wasukuma walete sukuma-vuta. Nilidhani hivyo nami. Nilimpelekea shangazi desmodiamu, mbegu ghali na ndogo, tukaipanda kwa kupima mistari kwa kamba. Iliota vizuri. Ikatambaa. Mwezi wa saba, mavuno yalipokwisha, ng'ombe wa kijiji wakaachiwa mashambani kama desturi ilivyo, na kwa siku mbili desmodiamu yote ikawa imelala matumboni mwao. Hakuna aliyekosea. Kwetu shamba ni la mtu wakati lina mazao. Mabua yakibaki ni ya mifugo ya wote. Teknolojia iliyoiva kwa wakulima wenye ng'ombe wawili wa kufungwa zizini ilikutana na watu wenye ng'ombe 60 wa kuswagwa. Shangazi alicheka. "Angalau wameshiba," akasema.

Ndiyo maana nasema kiduha si jambo la mtu mmoja na jembe lake. Mbegu zake husafiri kwa maji ya mvua, kwa kwato, kwa plau iliyoazimwa, kwa gunia la mbegu za kienyeji lililonunuliwa mnadani. Shangazi aking'oa na jirani akiacha, anapoteza jasho. Hata kuilinda desmodiamu ni suala la kijiji kizima, kwa kuwa linadai sheria ndogo ya malisho ambayo hakuna mtu binafsi anayeweza kuitunga.

Wale Wamarekani wa Carolina hawakumwachia mkulima mmojammoja. Eneo lililoambukizwa lilifika zaidi ya ekari 400,000. Serikali ilizuia mazao, udongo na mashine visitoke humo bila kukaguliwa, ikalipia dawa, ikaingiza gesi ya ethilini ardhini ili mbegu ziamke pasipo na cha kunyonya. Iliwachukua miongo kadhaa na fedha nyingi, na leo kilichobaki ni vipande vidogo. Sisemi tuige gesi, hatuna mitambo wala fedha hizo. Naona tu kwamba mmea uleule, kwao ulihesabiwa kuwa dharura ya taifa, kwetu ni uvivu wa mama fulani.

Kweleakwelea wakivamia mtama, serikali hutuma ndege kunyunyizia. Nzige walipoingia kaskazini mwa nchi mapema mwaka 2021, ndege ziliruka. Viwavijeshi vamizi walipoanza kusambaa mwaka 2017, kila redio ya wilaya iliwataja. Ni haki. Lakini wadudu na ndege wana bahati ya kuonekana kwenye kamera: wanakuja kama wingu, wanakula kwa siku tatu, waziri anapiga picha. Kiduha hakiji. Kiko tayari, kinakula kila mwaka, taratibu, mahali ambapo hakuna wa kupiga picha. Hakitumiwi ndege, na kusema kweli ndege isingekifaa chochote.

Kingefaa nini? Samadi kwanza. Ukipita kwenye maboma ya ng'ombe ya Kwimba na Maswa utakuta samadi imejaa mpaka ng'ombe wanazama, na shamba lenye njaa liko hatua 300 kutoka hapo. Kinachokosekana ni mkokoteni na mtu wa kuifundisha kaya kuiozesha kwanza, maana mbichi inaweza kurudisha mbegu za magugu. Mbolea ya ruzuku, iliyorejeshwa msimu wa 2022/23, ilikuwa hatua kubwa, ila mbolea nyingi ya nchi hii humezwa na Nyanda za Juu Kusini. Viongozi wa Afrika waliahidi Abuja mwaka 2006 kwamba ifikapo 2015 tutakuwa tunatumia kilo 50 za virutubisho kwa hekta. Mwaka huo ulipita tukiwa mbali sana na kiwango hicho. Mfuko mmoja ukifika kwa shangazi na kutiwa kijiko kimoja kila shimo, si mazao tu yanaongezeka, sauti ya njaa inayoita kiduha nayo inashuka.

La pili linahusu jasho. Kaya maskini zinazosaidiwa na TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, zimekuwa zikilipwa ujira kwa ajira za muda, kuchimba malambo na kutengeneza barabara za vijijini. Kwa nini wiki mbili za mwezi wa tatu zisitumike kung'oa kiduha kijiji kizima, shamba kwa shamba, la aliyekodi na la mwenye mali, kabla hakijakausha mbegu? Hiyo ni kazi ya umma kama lambo, kwa sababu faida yake inavuka mpaka wa shamba na inakuja baada ya miaka. Ikilipiwa, ile hesabu mbaya niliyoieleza inageuka. Kijiji kikifanya hivyo misimu mitano mfululizo, kikachanganya alizeti au dengu katikati, na mkutano wa kijiji ukakubaliana ng'ombe waingie mashamba gani na lini, nadhani tungeona tofauti bila kungoja mbegu ya ajabu kutoka ng'ambo.

Mwezi uliopita nilikuwa tena kwa shangazi. Alikuja bwana shamba wa kata, kijana mwenye pikipiki yenye tope, kuandikisha hasara za msimu. Alikaa chini ya mwembe, akafungua fomu juu ya paja. Akauliza: viwavijeshi? Wapo kidogo. Kweleakwelea? Hawakufika. Panya? Wachache. Ukame? Mvua ilikuwa nzuri, baba. Shangazi akanyanyuka, akaenda shambani, akarudi na fungu la kiduha lenye maua mazuri ya waridi, akaliweka mbele yake. Gunia tatu, akamwambia, mahali pa gunia 12. Kijana akaipitisha kalamu juu ya fomu kutoka juu hadi chini, akaigeuza, akatazama nyuma. Kisha akashuka kwenye mstari wa mwisho kabisa, ule ulioandikwa "Mengineyo", akaandika: magugu.